Nanunua mboga Tengeru Jumamosi, Jumanne zimeoza. Nakosea wapi?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Njiro hapa Arusha. Kila Jumamosi naenda soko la Tengeru maana huko ndo vitu freshi vya mkulima. Natoka nyumbani saa nne hivi, nachukua nyanya ndoo ndogo, mnafu na mchicha mafungu kama kumi, hoho, karoti, matango, parachichi na ndizi mbivu za watoto. Nikirudi saa tisa naosha kila kitu na maji ya chumvi kuondoa dawa, naweka vyote kwenye friji. Ikifika Jumanne mnafu ni njano, matango yana utelezi, nyanya nusu zimeoza na zilizobaki hazina ladha, parachichi zinakuwa nyeusi kabla hazijaiva. Jirani anasema ni dawa wanazopulizia ndo zinaozesha, eti nichague mboga zenye matundu ya wadudu ndo salama. Baba watoto anasema naunguza nauli bure, ninunue genge la hapa chini. Je ni dawa kweli? Niache kwenda Tengeru?"

Dada yangu, asante kwa kueleza mpaka saa unayotoka nyumbani, watu wengi wananiandikia tu "mboga zinaoza nifanyeje" afu nabaki kukisia. Kwako wewe nusu ya jibu iko kwenye hizo saa, na nusu nyingine iko ndani ya friji. Kazi yangu ni hiyo hiyo ya mazao baada ya kuvunwa, mwaka wa kumi na kitu sasa, na Tengeru naenda kununua kama wewe, kwa hiyo nakuelewa vizuri tu. Kifupi: hapana, sio dawa. Na hapana, usiache kwenda, ila kuna vitu vya kununua kule na kuna vitu baba watoto yuko sahihi kabisa, genge linakutosha.

Nianze na jirani maana hili la dawa linazunguka sana. Dawa nyingi anazopulizia mkulima wa nyanya au viazi huku kwetu kipindi cha mvua ni za ukungu, na ukungu ndo unaoozesha. Sasa dawa inayoua kinachoozesha itaozesha vipi? Kama ina athari yoyote kwenye kukaa, basi inafanya nyanya ikae zaidi. Hii haimaanishi mabaki ya dawa sio tatizo, ni tatizo na nitalifikia, lakini ni mambo mawili tofauti, nyanya inaweza kukaa wiki mbili inang'aa na ina mabaki ya kutosha, na nyingine ikaoza kesho yake bila kuguswa na dawa hata tone. Na hayo matundu ya wadudu ndo kabisaa. Tundu linakwambia kwamba mdudu alipita hapo siku fulani, halikwambii mkulima alifanya nini baada ya kuliona. Mimi nimekaa na wakulima, nakuhakikishia mtu anabeba bomba mgongoni pale pale anapoona matundu. Kwa hiyo jani lenye matundu linaweza kuwa ndo limepuliziwa juzi.

Sasa tuje kwenye kinachotokea kweli. Mboga ikikatwa shambani haifi. Inaendelea kupumua kama mimi na wewe, inavuta oksijeni, inachoma sukari yake yenyewe, inatoa joto na mvuke wa maji, tofauti ni kwamba mzizi haupo tena wa kuleta maji na jua halitengenezi tena chakula cha kutosha, yaani inakula akiba. Akiba ikiisha inanyauka, inakuwa njano, inaoza. Na kinachoamua akiba inaisha haraka kiasi gani ni joto kuliko kitu kingine chochote. Hesabu tunayotumia ni kwamba kila nyuzi joto 10 zikiongezeka kasi ya kupumua inapanda mara mbili mpaka mara tatu. Chukua hata hiyo mara mbili tu: mnafu ukikaa masaa manne kwenye buti ya gari au chini ya siti ya kifodi (daladala ndogo) kwenye nyuzi 35, umezeeka sawa na ambavyo ungezeeka siku nzima na zaidi kwenye friji ya nyuzi 5. Ukitaka kuhakikisha, siku moja ingiza mkono katikati ya kiroba cha mchicha kilichofungwa tangu alfajiri, utaona ni moto kama mtu mwenye homa. Hilo sio jua, ni pumzi yake yenyewe.

Ndo maana saa nne imeniuma. Wakulima wengi wanaoleta majani Tengeru siku za soko, Jumatano na Jumamosi, wanavuna jioni ya jana yake au alfajiri, wanashuka nayo. Wewe unatoka Njiro saa nne, ukifika sokoni mnafu umeshakaa chini ya jua masaa, umeshanyunyiziwa maji mara tatu ili uonekane umeamka, afu unazunguka nao tena mpaka saa nane ukinunua vingine. Jani likipoteza kama asilimia 5 tu ya uzito wake kwa kukauka linaanza kulegea, na likinyunyiziwa maji linasimama kidogo lakini akiba iliyochomwa hairudi. Kwa hiyo usiangalie jani linavyong'aa, angalia pale shina lilipokatwa. Kama ni kibichi na kina unyevu, limekatwa karibuni, kama pamekauka na kuwa kahawia, hilo ni la jana au juzi hata kama juu linameremeta kwa maji. Na muulize mama, "hii umevuna saa ngapi?", wale mama wa Kimeru wengi watakwambia ukweli, hasa ukiwa mteja wa kila wiki.

Hapo hapo niseme jambo moja ambalo watu hawapendi kusikia. Sio kila kitu kilichopo Tengeru kimetoka Meru. Ndizi, mnafu, loshuu (mboga ya majani), karoti, njegere, parachichi, sawa, hivyo vinashuka kutoka kwenye miteremko ya Mlima Meru, udongo wa volkano, maji yapo, na huwezi kupata vizuri zaidi. Lakini vitunguu vingi vya kanda hii ni vya Mang'ola kule Karatu, machungwa ukiyaona yamejaa ujue aghalabu yamekuja kutoka Muheza, na yanafika kwa lori kama yanavyofika soko la Kilombero mjini Arusha. Havina ubaya wowote, ila huhitaji kupanda gari mpaka Tengeru kuvifuata kwa sababu ya ufreshi. Huko fuata bei yake tu, kama inalipa.

Haya, sasa friji yako. Nimeisoma ile orodha yako nikacheka kidogo (samahani), maana umeweka pamoja watu ambao hawapaswi kulala chumba kimoja.

Ndizi mbivu, parachichi inayoiva, nyanya nyekundu, papai, pesheni, hizi zinatoa gesi inaitwa ethilini. Hiyo gesi ni lugha ya mimea ya kusema "tuive". Ndo maana bibi zetu walivyofukia ndizi kwenye shimo na kuwasha moto wa moshi zilikuwa zinaiva zote pamoja, moshi una hiyo gesi pia. Kwa tunda linaloiva ni jambo jema, lakini jani halina kuiva, jani likisikia ethilini linachoelewa ni "zeeka", linaacha rangi ya kijani, linakuwa njano. Kwa hiyo mnafu wako haujawa njano kwa sababu ya dawa, umeuawa na ndizi za watoto, ukichanganya na lile joto la barabarani. Karoti nazo zikikaa na gesi hiyo zinakuwa chungu, kama umewahi kula karoti chungu ukalaumu mbegu, huenda ilikuwa ni jirani yake kwenye droo.

Nyanya ni kesi nyingine. Nyanya, matango, hoho, bilinganya, bamia, ndizi, parachichi bichi, hizi asili yake ni mimea ya joto na baridi ya friji inaziumiza. Nyanya haitaki kukaa chini ya nyuzi 12 hivi, tango chini ya 10, hoho inavumilia kidogo mpaka kama 7, na friji ya nyumbani iko 4 au 5. Utando wa chembe hai zake unavuja taratibu, kwanza ladha inaondoka, afu inakuwa ungaunga, afu ukiitoa nje vijidudu vinakuta maji na sukari vimemwagika tayari, ndo unaona utelezi. Tango likikaa friji siku mbili sio shida, likikaa nne ndo hayo. Arusha hali ya hewa yetu ya ndani ya nyumba, hasa Juni mpaka Agosti, ni nzuri kwa nyanya kuliko friji yoyote, ziweke tu jikoni mahali pa kivuli, kwenye tray au ungo, mstari mmoja bila kupandana, na zile sehemu zilipokuwa na kikonyo zielekee chini. Hilo kovu la kikonyo ndo mlango mkuu wa nyanya kupoteza maji, ngozi yenyewe haipitishi sana, kwa hiyo ukiulalia mlango unachelewa kuzeeka.

Na hiyo ndoo ndogo ya nyanya, jamani. Kwanza zimetoka shambani kwenye tenga, nyanya ya chini imebeba uzito wa tenga zima, afu wewe unazimwagia kwenye ndoo na matuta ya njiani yapo. Nyanya iliyobonyea leo huioni, ukungu unaiona kabla yako. Usinunue ndoo kama hutapika wiki hiyo hiyo. Nunua kwa sado au kwa kilo na uchague mwenyewe kwa rangi: kidogo nyekundu za leo na kesho, kidogo za rangi ya chungwa za katikati ya wiki, na nyingi zilizoanza tu kupata wekundu kidogo kwenye kitako, hizo zitaiva zenyewe nyumbani na ladha ipo. Chukua zile ndefu ngumu kama zipo. Unajua kuna nyanya inaitwa Tengeru 97? Imetolewa pale pale kwenye kituo cha utafiti wa mboga Tengeru mwaka 1997, pamoja na mwenzake Tanya, na moja ya sababu wakulima walizipenda ni ngozi ngumu inayovumilia safari. Sasa hivi kuna mbegu chotara nyingi sokoni zinazovumilia hata zaidi, ila mama nikimkuta na Tanya huwa nanunua, labda ni uzee.

Parachichi ndo umenivunja moyo. Parachichi haiivi ikiwa mtini, inakomaa mtini afu inaiva ikishachumwa, na ili iive inahitaji joto la kawaida la chumba. Wewe unachukua ngumu, unaiweka baridini kabla haijaanza, baridi inaiumiza, kuiva kunagoma, ndani nyuzi zinakuwa nyeusi. Iache mezani. Ukitaka haraka ifunge kwenye mfuko wa karatasi na ndizi moja mbivu, siku mbili tatu inakuwa tayari, na ikishalainika hapo ndo unaiweka friji na inakungoja siku mbili au tatu vizuri tu. Kama inanyauka na kuwa kama mpira badala ya kulainika, hiyo ilichumwa changa na hakuna dawa yake, muuzaji amekupiga.

Kuhusu maji ya chumvi. Nia ni njema ila muda sio. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye jani, afu unaliweka likiwa limelowa ndani ya droo iliyofungwa, umewaandalia bakteria kitanda. Usioshe siku ya kununua, osha unapotaka kupika. Majani ukifika nayo toa yaliyooza na yaliyovunjika, fungua zile kamba za fungu maana pale katikati panapobanwa ndo panaanza kuoza, yafunge na kitambaa kikavu au gazeti safi la kunyonya unyevu, weka kwenye chombo chenye mfuniko ambao haujabana kabisa, droo ya chini, mbali na matunda. Na njiani ile mifuko mbadala tunayobeba tangu plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 ni mizuri kwa majani kwa sababu inapitisha hewa, shida yetu tunashindilia mpaka hewa inapita wapi.

Sasa mabaki ya dawa, nisije nikaonekana nalikwepa. Maji safi yanayotiririka na kusugua kwa mkono yanaondoa sehemu ya dawa iliyokaa juu ya ngozi, pamoja na vumbi na uchafu, na ule unga mweupe au wa njano unaouona kwenye nyanya mara nyingi ni dawa ya ukungu na unatoka kwa kusugua. Chumvi haina maajabu zaidi ya hapo. Kumenya kunaondoa zaidi, kupika kunapunguza baadhi. Lakini kuna dawa zinazoingia ndani ya mmea na hizo huziondoi jikoni, zinaondolewa shambani kwa mkulima kusubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna, na sio wote wanasubiri, hasa bei ikipanda ghafla. Kinga yako kubwa hapo ni kuwa na mama wako wa mboga unayemfahamu, kubadilisha aina za mboga badala ya nyanya na kabichi kila siku, na kula kwa wingi hizi za kienyeji, mnafu, mgagani, majani ya maboga, matembele, ambazo kwa kawaida zinapuliziwa kidogo kuliko nyanya. Hatari ya mtoto kuacha kula mboga ni kubwa kuliko ya mabaki ya mboga iliyooshwa vizuri, hili nalisema bila wasiwasi.

Kwa hiyo Tengeru au genge? Ningekuwa wewe, mchicha na mnafu wa katikati ya wiki ningenunua genge, kidogo kidogo, jioni ya kupika. Mchicha unaolimwa karibu na kununuliwa leo unaushinda wa Tengeru wa siku tatu, hata kama huyo mama wa genge ameuchukua Kilombero asubuhi. Tengeru nunua vya kukaa na vya wingi: mkungu au vichane vya ndizi za kupika, karoti (kata majani yake, yanaendelea kunyonya maji ya mzizi), kabichi, viazi, parachichi za viwango tofauti vya ukomavu, nyanya za rangi tofauti. Viazi weka gizani, vikipigwa mwanga vinakuwa kijani na hiyo rangi inakuja pamoja na sumu ya uchungu, kata sehemu hiyo yote, na kama kimekuwa kijani kizima tupa. Vitunguu viwe mbali na viazi, penye hewa. Njegere za msimu nunua nyingi lakini usilaze, sukari yake inageuka wanga haraka sana, menya siku hiyo hiyo, chemsha dakika moja na nusu, tia maji ya baridi, kausha, weka frizeri. Nyanya zilizozidi pika rojo, gandisha. Umeme ukikatika masaa machache frizeri iliyojaa haidhuriki kama hufungui fungui.

Na toka mapema. Saa moja asubuhi uwe pale. Anza na vizito, majani yawe ya mwisho kabisa unapoelekea kwenye gari. Wapo wanaosubiri jioni kwa sababu bei inaanguka, mama hataki kurudi na mzigo mlimani, na ni kweli inaanguka sana tu, kama unapika usiku huo au una shughuli kesho yake nenda jioni bila aibu. Ila usinunue bei ya jioni ukitegemea ikae mpaka Alhamisi.

Kama friji ni ndogo jaribu chungu ndani ya chungu, katikati mchanga unaoulowesha kila siku, juu kitambaa kibichi. Mwalimu mmoja wa kaskazini mwa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliisambaza sana miaka ya 1990. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Arusha miezi ya ukavu inafanya kazi nzuri na baridi yake haiumizi nyanya wala hoho, ila ndugu yako wa Tanga au Dar asitegemee sana, hewa ya kule ina unyevu mwingi maji hayakauki.

Kuna mambo lakini usiniandikie mimi, nenda hospitali. Mtu akila mboga au tunda afu ndani ya masaa machache anatoka jasho jingi, udenda, anatapika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta, anapumua kwa shida au anatetemeka, hiyo inaweza kuwa sumu ya dawa za wadudu, mkimbize saa hiyo hiyo, beba mabaki ya chakula, usimtapishe kwa nguvu na usipoteze muda na maziwa. Mtoto anayeharisha damu, au macho yamezama na hakojoi, hivyo hivyo. Na kama unashuku muuzaji au shamba fulani linauza vitu vyenye dawa nyingi, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko hapa hapa Arusha, ile tuliyozoea kuiita TPRI pale Ngaramtoni, peleka taarifa, hiyo ni kazi yao na wana maabara.

Zile parachichi nyeusi zilizobaki kata moja uonje, haina sumu kwa mtu, ni ladha tu imekufa. Ila usimtupie mbuzi wala sungura wala kuku, kwao parachichi ni sumu, majani na ganda ndo zaidi. Fukia kwenye migomba kama unayo.